Bawa la Kushoto

Kifurushi kilifika Jumanne asubuhi, kimefungwa kwa kamba ya katani kama wenzake waliotangulia, ila hiki hakikupelekwa Taasisi ya Wadudu. Mkuu wa posta alikileta mwenyewe kituo cha polisi kama alivyoagizwa, akakiweka juu ya meza ya Mkaguzi, kisha akasimama pembeni akijifuta mikono kwenye suruali.

"Ndicho hicho, afande. Muhuri ni wa mji uleule wa mlimani."

"Kimefunguliwa?"

"Hakijaguswa."

"Vizuri. Nenda kanywe chai."

Mkaguzi hakukifungua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye uso ambao wenzake kituoni walisema hauna mlango: haiingii furaha wala haitoki huzuni. Faili la mtafiti aliyepotea lilimwangukia baada ya mwenzake kuhamishwa, nalo lilikuwa jembamba la kutia aibu. Mtafiti wa fukusi, mwanamke ambaye nyumbani kwao walimwita Bi Vidudu, alionekana kazini mara ya mwisho Ijumaa moja kabla ya mvua. Mwanzoni hakuna aliyeshtuka, maana ilikuwa desturi yake kujichimbia porini wiki nzima bila simu. Halafu vifurushi vikaanza kuja. Kila kimoja kilikuwa na boksi dogo la fukusi waliokaushwa, wamelazwa juu ya pamba, na vikaratasi vilivyochapwa jina la mahali walipokamatwa. Barua hapana, salamu hapana. Profesa, mkuu wa Taasisi, alisema anayetuma wadudu yu hai, kazi tu imemkolea. Polisi walikubali, kwa sababu kukubali hakuna usumbufu.

Mdogo wa mtafiti naye alikubali, na hilo ndilo lililokuwa likimla. Alikuwa fundi cherehani, amelelewa na dada yake huyo tangu wazazi wao walipofariki. Alifika kituoni kila wiki, anakaa kwenye benchi, anauliza kama kuna simu yoyote. Akiambiwa hakuna, anashukuru.

"Najua yu hai, mama, vidudu vyake vinakuja," alimwambia Mkaguzi siku ya kwanza. "Nataka tu kujua nimemkosea nini hata hanipigii."

Mkaguzi aliandika tarehe tu.

Asubuhi hiyo, kabla hajaenda Taasisi, alikuwa na mtu wa kuhoji. Mume wa mtafiti, dereva wa lori, aliingia na kofia mkononi akaketi bila kukaribishwa. Walikuwa wametengana na mkewe kwa muda. Njia yake ya kazi ilipita palepale kwenye mji wa mlimani ambao muhuri wake ulikuwa juu ya kila kifurushi. Kwa yule mpelelezi aliyehamishwa, hiyo ilitosha kumfanya mshukiwa wa kwanza na wa mwisho.

"Unapita mlimani mara ngapi?"

"Kila nikipata mzigo wa saruji."

"Unaingia posta?"

"Posta nifuate nini, afande? Siandikiani na mtu."

"Mkeo anatuma vifurushi kutoka kule. Hujawahi kumtafuta?"

"Nimemtafuta. Nimeuliza hotelini, sokoni, kwa walinzi wa msitu. Hakuna aliyemwona." Aliizungusha kofia. "Mtu mwenye darubini shingoni na wavu wa kukamatia wadudu, unadhani angepita mji mdogo vile asionekane?"

"Mligombana nini?"

"Vidudu. Nilikuwa nikirudi safari nawakuta kwenye friji, kwenye kikopo cha chumvi. Nikisema, ananuna." Alisema bila kukasirika, kama anasoma bei ya kitu asichotaka kununua. "Mkono wake nilikuwa nikiushika, vidole vya njano. Mashuka ya njano. Hawa fukusi wake wana unga kama wa chavua, ukiwagusa tu umechafuka. Hautoki kirahisi."

Mkaguzi aliinua kichwa. "Unga wa njano?"

"Njano kabisa. Muulize Profesa wake."

"Nenda. Usitoke mjini."

"Nina mzigo wa saruji."

"Saruji itakungoja."

Alipobaki peke yake, Mkaguzi alivuta boksi la kifurushi kilichotangulia, lililokuwa limeletwa kama kielelezo. Wadudu hawakuwamo, walishachukuliwa na Taasisi, lakini pamba ilikuwamo. Aliigeuza dirishani. Ilikuwa nyeupe pe, kama iliyotoka dukani.

*

Ofisi ya Profesa ilikuwa na dirisha kubwa linalotazama kitalu cha mibaruti, mimea ya miiba yenye maua ya zambarau, iliyopandwa mahususi kwa ajili ya kulishia wadudu wa utafiti. Profesa alikuwa mzee mrefu mwenye suti iliyomzidi. Alikiona kifurushi mikononi mwa Mkaguzi akakunja uso.

"Vifurushi vyake hupokelewa na mtunza wadudu wetu. Pini. Tunamwita hivyo kwa sababu ya kazi yake ya kudunga wadudu pini."

"Leo nitapokea mimi. Kifungue hapa, taratibu."

Konstebo aliyefuatana na Mkaguzi alifunga mlango na kusimama mbele yake. Profesa alikata kamba, akatoa boksi, akalifunua. Ndani walilala fukusi wembamba, wa kijivu iliyoiva.

"Kwanza nifundishe," alisema Mkaguzi. "Mimi fukusi ninayemjua ni wa kwenye mahindi."

Profesa alilainika. Kuna watu ukiwauliza kazi yao unakuwa umewapa kiti. "Yule ni binamu yake. Hawa ni wa jenasi nyingine, *Lixus*. Tazama umbo: mwili mrefu, wa mviringo, kama kipande cha penseli. Yule wa mahindi ni mfupi. Mbele hapa kichwa kimerefuka kama mkonga wa tembo, na mdomo uko nchani kabisa. Papasi, hizi pembe za kunusia, hazikuota kichwani, zimeota kwenye mkonga wenyewe. Unaona zilivyokunjwa kiwiko? Na nchani zina rungu dogo. Ukiona kiwiko hicho na mkonga huo, hukosei sana kusema ni fukusi."

"Dume na jike?"

"Jike mkonga wake kwa kawaida ni mrefu na mwembamba zaidi. Anautumia kutoboa shina la mmea kabla ya kutaga. Kiluwiluwi hukua humo ndani, anakula shina, anatoka akiwa mkubwa. Kutofautisha spishi ndio kazi ngumu. Huyu ana vishimo vikubwa mgongoni, yule vidogo. Huyu ncha za mabawa zimechongoka, yule za mviringo. Wengine mpaka uwapasue uangalie viungo vya uzazi."

"Na unga?"

Profesa alimtazama kwa mshangao mdogo. "Nani amekwambia habari za unga?"

"Mtu aliyekuwa akifua mashuka."

"Ndiyo, wana unga. Wengi katika jenasi hii. Mdudu akiwa hai huutoa mwenyewe mwilini, wa njano au wa rangi ya kutu. Ukifutika, anaurudisha. Akishakufa, ukifutika umefutika."

"Aliyekufa juzi, akalazwa kwenye pamba?"

"Anakuwa nao. Na pamba inachafuka."

Mkaguzi alisogeza boksi kwa kidole. "Hii pamba haijachafuka."

Profesa aliinama. Kisha akavuta hadubini, akamchukua fukusi wa kwanza kwa koleo dogo na kumweka chini ya lenzi. Alizungusha kigurudumu cha lenzi, akazungusha tena. Mkaguzi aliona sikio la yule mzee likibadilika rangi.

"Unaona nini?"

"Hana unga hata chembe. Ana upara. Mdudu anakuwa hivi akiwa ameguswaguswa miaka mingi."

"Endelea."

"Mama," alisema Profesa, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "tazama mwenyewe."

Mkaguzi aliweka jicho. Mgongo wa mdudu ulionekana kama barabara ya lami yenye mashimo yaliyopangwa mistari. Mabawa mawili magumu yalikutana katikati. Kwenye bawa la kulia, karibu na bega, palikuwa na doa la mviringo lililong'aa tofauti na sehemu nyingine.

"Ni nini kile?"

"Tundu la pini. Limezibwa kwa gundi iliyochanganywa na masizi. Mbawakawa wote, na fukusi ni mmoja wao, hupigwa pini kwenye bawa la kulia. Dunia nzima, hakuna mjadala. Lakini hupigwa hapa kwetu. Anayekamata porini huwatuma hivihivi, hawana tundu." Alijiegemeza kitini. "Hawa ni wa kwetu. Wametolewa kwenye kabati letu, wakang'olewa pini, wakazibwa, wakatumwa kama wapya."

Aliwapitisha mmoja mmoja chini ya hadubini. Wote walikuwa na doa lilelile mahali palepale, hadi alipofika kwa mmoja akaguna.

"Huyu la kwake liko kushoto. Mwanafunzi fulani wa zamani alikosea. Nakumbuka nilifoka sana siku hiyo."

Mkaguzi alimchukua fukusi huyo kwenye kiganja, akamtazama kwa macho matupu, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Hakuona kitu.

"Kabati lina ufunguo?"

"Mimi ninao. Daktari wetu aliyepotea alikuwa nao. Na Pini."

"Kifurushi kikija, wewe unawaona wadudu lini?"

"Pini akishawapiga pini na kuwapanga kwenye droo." Profesa alisita. Alianza kuliona lililokuwa likija. "Pini mpya ikipita kwenye tundu la zamani, hata kwa hadubini nisingejua. Na unga nisingeuuliza, hupukutika wakati wa kupiga pini."

"Kwa hiyo aliyetuma hawa hakuogopa kwamba ungeona tundu."

"Unanishuku mimi?"

"Nakuhesabu tu. Mko wawili wenye ufunguo." Mkaguzi alimweka yule fukusi wa kushoto ndani ya kikopo kidogo. "Konstebo atakaa na wewe. Usipige simu, Profesa, nakuomba."

*

Chumba cha Pini kilikuwa mwisho wa ukumbi, kinanuka vidonge vya nondo. Kuta zilifunikwa na makabati hadi darini. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamume mdogo wa umbo, macho yamemvimba kama asiyelala vizuri. Aliinuka kumpa Mkaguzi kiti.

"Karibu, mama. Kuna habari za Daktari?"

"Zipo kidogo. Umemjua muda mrefu?"

"Tulianza kazi hapa pamoja. Ni kama dada yangu."

"Kifurushi chake kimekuja leo. Profesa yuko na shughuli, kaniambia nikuletee mmoja umtayarishe, nione kazi inavyofanyika. Kwa ajili ya faili."

Aliweka kikopo mezani. Pini alikifunua, akamtoa fukusi, akamlaza juu ya kipande cha sponji. Akachagua pini nyembamba. Mikono yake ilikuwa hodari, haina haraka. Alimshika mdudu kwa vidole viwili, akashusha pini, ikazama bila kikwazo chochote, kama inaingia kwenye siagi. Kisha mikono ikasimama.

Nje ya dirisha mtu alikuwa akimwagilia kitalu. Maji yalisikika yakipiga majani.

"Umepiga kushoto," alisema Mkaguzi.

Pini aliondoa mkono juu ya sponji.

"Profesa ameniambia ni kulia. Dunia nzima, anasema, hakuna mjadala. Umefanya kazi hii tangu ujana. Makabati yote haya, kila mdudu kulia. Kwa nini huyu kushoto?"

"Nimepitiwa."

"Kuna tundu la zamani kushoto. Mimi nimelitafuta kwa macho nikalikosa. Profesa ameliona kwa hadubini. Wewe hukutafuta, mkono umekwenda wenyewe. Ulijua liko wapi kwa sababu ulilizibua na kuliziba wewe."

Pini alimtazama yule fukusi juu ya sponji. Hakulia, hakuruka dirishani. Alitoa pumzi ndefu, mabega yakashuka, kama mtu aliyebeba gunia akaambiwa atue hapohapo.

"Una haki ya kunyamaza," alisema Mkaguzi.

"Nimenyamaza vya kutosha, mama."

"Yuko wapi?"

Alinyoosha kidole dirishani, kwenye kitalu cha mibaruti.

Alisimulia akiwa ameketi, mikono magotini, sauti haipandi wala haishuki. Mara kwa mara wadudu wa makabati hufukiziwa dawa, la sivyo huliwa na wadudu wengine. Kipo chumba cha kazi hiyo nyuma ya jengo, mlango wake unakomewa kwa nje. Ijumaa ile alipanga droo, akavaa barakoa, akawasha feni, akaachia dawa, akakomea. Bi Vidudu alikuwa ameingia bila yeye kumwona, kuchukua droo yake moja ambayo hakutaka ifukizwe. Alikuwa amechutama nyuma ya rafu.

"Hakubisha?"

"Huenda alibisha. Feni inanguruma, mama. Mimi nilikwenda nyumbani. Nilipofungua Jumatatu nilimkuta amekaa ameegemea mlango, droo iko mapajani."

"Kanuni inasema uangalie kwanza ndani."

"Inasema hivyo."

"Uliangalia?"

"Siku zote naangalia. Siku hiyo sikuangalia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kusema. Nikajiambia nitasema mchana. Mchana Profesa akaniuliza kama Daktari kesha kwenda porini, nikasema ndiyo. Lilishatoka. Baada ya hapo ningesema nini?"

"Na vifurushi?"

"Mdogo wake alianza kuja hapa Taasisi. Anakaa pale nje, hasemi kitu. Mimi ndiye ninayekwenda mlimani kubadilisha mitego, kwa hiyo nilikuwa napita posta. Kikija kifurushi, mtoto wa watu anapumua wiki mbili tatu. Na mimi napumua."

Mkaguzi aliandika. Alipomaliza aliuliza tena yale yale kwa mpangilio mwingine, kama kazi inavyotaka, na majibu hayakubadilika. Kisha akamwita konstebo wa pili aliyekuwa langoni, akampigia simu daktari wa serikali, akaagiza turubai na sepetu. Profesa alitoka ofisini kwake akasimama ukumbini. Hakuna aliyekumbuka kumwambia aketi.

Chini ya mibaruti udongo ulikuwa laini. Haikuwachukua muda. Pini aliwaonyesha mahali bila kukosea, kisha akaomba ageuke, wakamruhusu.

*

Duka la fundi cherehani lilikuwa chumba kimoja kati ya kinyozi na muuza vipuri vya baiskeli. Alikuwa akikunja pindo la gauni. Alipomwona Mkaguzi mlangoni alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mdogo wangu. Naomba nikae."

Alimwondolea vitambaa kitini. Mkaguzi alimwambia yote, kwa maneno machache, kuanzia mwisho, kwa sababu alijua kwamba anayengoja habari kama hiyo hasikii kitu kingine hadi lile neno lipite. Fundi alisikiliza akitazama sindano ya mashine. Muuza vipuri alikuwa akigonga chuma ukutani upande wa pili, akaacha, akaendelea.

"Ijumaa ileile," alisema fundi.

"Ileile."

"Kwa hiyo hakuwa amenikasirikia."

"Hapana. Hakuwahi."

Alitikisa kichwa kukubali, polepole, mara nyingi kupita kiasi. Machozi hayakuja. Mkaguzi aliyangoja, kwa kuwa alizoea kuyaona, na yasipokuja huwa ni kazi zaidi.

"Kaka Pini ndiye aliyekuwa akinipigia," fundi alisema. "Kifurushi kikifika tu, ananipigia kabla hata ya Profesa. Anasema, dada yako mzima, amepata wadudu wazuri." Alichukua mkasi, akaurudisha. "Leo alikuwa amevaa nini?"

Mkaguzi alifikiri. Kukumbuka mavazi ya watu ilikuwa sehemu ya kazi yake. "Shati la drafti. Kijani na nyeupe."

"Nimemshonea mimi. Kumshukuru. Alikataa kulipokea, nikamlazimisha. Nilimwambia, usipolivaa nitaumia."

Hapo sasa hata Mkaguzi hakuandika. Gari lilipita nje, vumbi likaingia, likatua juu ya gauni lililokuwa mashineni. Fundi alilipangusa kwa nyuma ya mkono, akainuka, akaenda kwenye rafu na kushusha jora la pamba nyeupe. Alilikunjua juu ya meza ya kukatia, akalinyoosha kwa viganja vyote viwili.

"Mtanikabidhi lini?"

"Daktari wa serikali akimaliza. Siku mbili tatu."

"Nataka avae kitu changu. Vipimo vyake ninavyo, sihitaji kumpima." Alichukua chaki. "Kifua, mabega, urefu. Havijabadilika tangu nianze kazi."

Mkaguzi alikuwa amesimama kitaluni mchana ule turubai ilipofunuliwa. Alijua kwamba hakuna kipimo kati ya vile ambacho kingefaa tena.

"Shona," alisema. "Nitakuja kukichukua mwenyewe."